Fundo la Kwao, Fundo la Kwetu

Jumamosi iliyopita nilimwona Akinyi pale Kapsoit, amesimama nje ya duka la vifaa vya baiskeli, amerefuka bila kuomba ruhusa ya mtu. Hatukuwa tumeonana tangu baba yake apewe uhamisho na familia yao ikahamia Kisumu. Mtu wa kawaida angekimbia amkumbatie. Mimi nilijibanza nyuma ya gunia la makaa, nikangoja apite, nikasema kwa ile sauti ya mwalimu mkuu wetu inayotokea puani, "Wewe msichana, hiyo sketi umeishonea nani?" Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Halafu, bila hata kugeuka, akasema, "Chelangat, kwani bado hawajakufukuza shule?" Tuliingia hotelini, tukaagiza chai na mandazi, tukakaa mpaka mwenye hoteli akaanza kutufagilia miguuni. Alipokwisha kwenda ndipo nikagundua kwamba tulikuwa tumeongea habari za mwaka mmoja tu, mwaka wetu wa Form Two, na ndani ya mwaka huo habari za kipande cha waya. Najua wanaoandika kumbukumbu zao huwa na mvi na kiti cha kuegemea. Mimi nina miaka kumi na minane, chunusi tatu, na mtihani wa mwisho unaoninyemelea. Lakini nikimtazama yule Chelangat wa Form Two namwona mbali kabisa, kama mtu wa upande mwingine wa bonde, na nina maneno ya kumwambia. Habari za kuzaliwa kwangu nitaziruka. Nilizaliwa, inatosha.

Chama cha Redio kilikaa kwenye stoo nyuma ya maabara, chumba kilichokuwa cha kuwekea majembe, na harufu ya majembe ilikataa kuhama hata majembe yenyewe yalipohamishwa. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashamba ya chai, meza iliyokatwa mguu mmoja ikaongezewa tofali, na juu ya meza ile redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii unaongea, na ukibahatika mtu wa mbali anakujibu. Mwalimu Rotich, aliyetufundisha fizikia, alikuwa na leseni ya serikali ya kuongea hewani kwa kupenda tu, bila biashara, na sisi tuliruhusiwa kushika maikrofoni yeye akiwa amesimama pale nyuma yetu kama askari wa benki. Tulikuwa wanachama kumi na mmoja. Wasichana tulikuwa wawili, mimi na Akinyi. Yeye alikuja kwa sababu alipenda umeme. Mimi nilikuja kwa sababu niliambiwa kuna mashine inayobeba sauti ya mtu hadi nchi za nje, na nilikuwa na mambo kadhaa ya kuwaambia watu wa nchi za nje.

Stima ya shule ilikuwa kama mgeni wa heshima: ikija tunafurahi, ikiondoka hatuulizi. Kwa hivyo redio ilitumia betri ya gari, kama televisheni za nyumbani kwetu sote. Na chama chenyewe kiliishi kwa sharti. Mwaka uliotangulia, kwenye mbio za nyika za shule za eneo letu, mkimbiaji mmoja alianguka nyuma ya kilima, katikati ya chai, na hakuna aliyejua mpaka zawadi zilipokuwa zinagawiwa na jina lake likaitwa mara tatu. Mwaka huu mbio zilikuwa zinaanzia na kumalizikia kwetu. Mwalimu mkuu, ambaye tulimwita Mkuu tu, alimwambia Mwalimu Rotich mbele yetu, "Kama hicho kidude chako kinaweza kuniambia nani ameanguka kilimani, kitakaa. Kama hakiwezi, nataka stoo yangu ya majembe."

Sasa nieleze habari ya fundo, maana bila fundo hakuna hadithi. Waya tuliotumia ulikuwa ule mweupe wa nyuzi mbili zilizoshikana, ambao duka lolote la Sotik linakukatia kwa mita. Nyuzi zote mbili ni nyeupe. Ukitaka kujua ipi ni ya chanya na ipi ni ya hasi lazima uweke alama, na alama ya watu wa huku ni fundo. Nyumbani kwetu, na kwa majirani wote hadi mtoni, fundo hufungwa kwenye chanya, kwa sababu chanya ndiyo yenye nguvu, na kitu chenye nguvu ndicho hufungwa, kama fahali. Akinyi aliishi ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, wengi wao Wajaluo kama yeye, na kule fundo hufungwa kwenye hasi. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia hasi ndiyo isiyo na maneno, unaifunga na kuisahau. Nyumba zote za kule hufanya hivyo, kwa sababu huazimana betri siku za mpira. Hakuna upande uliowahi kujua kwamba upande wa pili unafunga kinyume. Nani atavuka bonde kwenda kumuuliza mtu anavyofunga waya wa televisheni yake?

Alhamisi moja, baada ya masomo, Akinyi alikuja na waya mpya aliokuwa ameutayarisha vizuri, ncha zake zimekwanguliwa zikang'aa, fundo moja safi. Aliuunga kwenye redio. Mimi nilikuwa karibu na betri. Nikaona fundo, nikalipeleka kwenye chanya, kama ambavyo ningefanya nikiwa usingizini. Tulisikia tak moja ndogo, halafu harufu ikaja, ile ya kitana cha plastiki kilichosahauliwa jikoni. Mwalimu Rotich alivuta waya, akasimama, akafunga macho. "Nani ametengeneza huu waya?" aliuliza. "Ni mimi, Mwalimu," Akinyi akasema mara moja, maana hakuwa na la kuficha. "Na nani ameufunga kwa betri?" Macho yote yakanijia. Ningeweza kusema maneno mawili tu, "ni mimi," kama alivyosema mwenzangu. Badala yake mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea. "Mwalimu, mimi nimefunga kwa Kiswahili. Shida ni huo waya, umeandikwa kwa Kijaluo."

Walicheka. Kibet, mrusha tufe wetu, mtu mwenye mikono kama mapaja, alicheka hadi akateleza kwenye benchi. Hata Mwalimu Rotich aliponyokwa na kicheko kabla ya kukimeza. Na kicheko kile kikamaliza kesi. Hakuna aliyeniuliza tena. Akinyi aliambiwa asiguse waya wowote mpaka mambo yatakapotengemaa, na akapewa daftari la kuandika majina ya wanaohudhuria, pale mlangoni. Aliandika jina langu siku hiyo kwa mwandiko mzuri sana. Nimejaribu kukumbuka kama nilijisikia vibaya jioni ile, na ukweli ni kwamba sikujisikia vibaya. Nilijisikia mtamu. Nilienda nyumbani nikirudia ule utani njiani, nikiutafutia mwisho mzuri zaidi.

Jumatatu yake Mwalimu Rotich alinipa redio ndani ya kikapu, imefunikwa kwa sweta, niipeleke kwa Baba Akinyi. Baba Akinyi alikuwa fundi wa umeme wa kile kiwanda, na yeye pia alikuwa na leseni. Yeye na Mwalimu Rotich walisalimiana hewani karibu mwaka mzima, kila mmoja akidhani mwenzake yuko Nakuru au mbali zaidi, kabla ya kugundua kwamba wanatenganishwa na bonde moja la chai na wangeweza kusalimiana kwa kupiga kelele. Ilikuwa imekwisha kupangwa kwamba siku ya mbio redio ya Baba Akinyi ingekaa kilimani na yetu ingekaa shuleni. Akinyi hakunisindikiza. Alisema ana nguo za kufua.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu imepigwa rangi nyekundu iking'aa, makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma vyeupe ambavyo hukujua kama uvikalie au uviombe radhi. Juu ya kabati kulikuwa na redio yake, ya zamani kuliko yetu, na kando yake picha ya harusi. Baba Akinyi alifungua ya kwetu mezani, akanusa, akachomoa kidude cheusi kidogo kama punje ya mtama. "Hii ni diodi," akaniambia. "Kazi yake ni kufa ndio redio isife. Imefanya kazi yake, Mungu ailaze pema." Nilicheka kuliko ilivyostahili. Kisha akatoka nyuma kutafuta nyingine kwenye mikebe yake, na mlango wa nyuma ukabaki wazi kidogo, na huko nje alikuwako Akinyi na karai la nguo. Watu wa nyumba zile walichanganya Kijaluo na Kiswahili katika sentensi moja, na siku hiyo sehemu zilizoniuma zote zilikuja kwa Kiswahili.

"Nitaitengeneza hii yao," Baba Akinyi alikuwa anasema. "Lakini yangu haiendi kilimani."

"Baba, wacha tu. Walikuwa wanacheka."

"Umefunga betri hapa nyumbani tangu ukiwa darasa la tatu. Leo wanasema fundo la Kijaluo. Fundo lina kabila?"

Maji yakamwagwa. Halafu baba yake akasema, polepole, "Watoto wakicheka hivyo, ujue kuna mahali wamesikia wakubwa wakicheka." Nilikaa pale juu ya kitambaa cheupe nikatamani kochi linimeze. Kwa sababu lile neno sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote mkubwa. Nililitengeneza mwenyewe, papo hapo, kwa sababu lilikuwa rahisi na lilikuwa karibu.

Mama Akinyi alileta ugali na omena za kukaanga na nyanya. Nyumbani kwetu ugali ni wa kula na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na siku nyingine ningekuwa na mambo ya kusema kuhusu samaki wanaokutazama wengi hivyo kwa wakati mmoja. Sikusema. "Kula, nyathina," Baba Akinyi akaniambia, akiniita mtoto wake kama alivyowaita watoto wote. "Umetembea mbali." Nilimega tonge, nikalirudisha. Nikasema, "Baba Akinyi, mimi ndiye nilifunga betri."

"Najua," akasema, akiendelea kula. "Akinyi ameniambia. Wasiojua ni wale waliocheka."

"Nikamwambie Mwalimu?"

"Hiyo ni yako na mdomo wako." Akanisogezea bakuli. "Mimi ni fundi. Nikikuta mtu amefunga kitu vibaya, siulizi habari ya mtu. Nauliza, kwa nini hicho kitu kilimkubalia?"

Nilirudi na redio iliyotengenezwa, pamoja na lile swali, kupanda na kushuka bonde lote. Kitu kilichomkubalia. Na kesho yake nikamwendea Mwalimu Rotich na ombi ambalo nusu yake ilikuwa toba na nusu, nakiri, ilikuwa njia ya kuikwepa toba. "Mwalimu," nikasema, "katika chama hiki hakuna mtu anayejua umeme kukushinda. Lakini hakuna anayejua kuharibu kunishinda. Niachie kazi ya kutafuta kiunganishi ambacho mjinga hawezi kukifunga kinyume." Mwalimu Rotich akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kisichofungika kinyume," akasema, "kisichochomoka kikitikiswa, na kisichopata moto redio ikiongea. Redio ikisikiliza inakula kidogo. Ukibonyeza kuongea, inameza. Kiunganishi kibovu huonekana kizima mpaka ubonyeze."

Basi tukaanza. Nilichukua gunia tupu la mahindi, nikaweka ndani nusu mbili za kiunganishi, na kila mwanafunzi aliyetaka akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, haoni, ajaribu kuviunga vibaya kadiri awezavyo. Atakayefaulu kuunga kinyume apate chapati. Chapati zilitoka kwa Arap Soi, mpishi wetu, ambaye alitupa kwa makubaliano kwamba betri yake ya kusikilizia mpira ingechajiwa pamoja na yetu. Vile vibano vyenye meno kama mamba havikufika hata kwenye gunia. Baba Akinyi mwenyewe aliniambia vinaruka ukipiga chafya. Tulianza na vile vya magari vinavyofanana na risasi, vya kuchomeka kimoja kimoja. Chapati ziliisha katika dakika ishirini. Watu ambao hawajawahi kupata hata thelathini kwenye fizikia walikuwa mabingwa. Mwalimu Rotich alisimama kando akiangalia wanafunzi wake wakishangilia kukosea, na nafikiri ndiyo siku aliyoelewa sisi ni watu wa aina gani.

Plagi ya kiberiti cha gari, ile ya kuwashia sigara, haikubali kinyume, nami niliipenda. Tuliifunga chini ya mkokoteni wa punda unaopeleka maziwa Sotik. Ilirudi imening'inia nje, springi yake imeisukuma yenyewe, na tulipoirudisha na kuongea dakika moja ilipata moto wa kupasha chai. Halafu Kibet akaleta wazo ambalo wote tulisema ni la akili: plagi ya ukutani ya miguu mitatu. Haigeuki, inashika, na iko kila duka. Tuliiweka kwenye waya wa betri, tukaenda darasani tukijipongeza. Tuliporudi tulimkuta Arap Soi ameichomeka ukutani.

"Arap Soi! Unafanya nini?"

"Nachaji petri," akasema, ametulia kabisa. "Si hii ni plagi? Plagi huingia kwa ukuta."

Stima haikuwepo, ndiyo maana Arap Soi bado anapika mpaka leo. Mwalimu Rotich aliikata ile plagi kwa koleo. Mimi nilikaa chini nikafikiri: huyu mzee hajakosea. Plagi ndiyo iliyomwambia aende ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuona mtu amefanya jambo la kuchekesha kiasi kile nikakosa hamu ya kucheka. Plagi ya mviringo ya trela za trekta ilikaribia kushinda, mpaka Kibet alipoizungusha gunini kwa nguvu zake za tufe ikapasuka, akadai chapati, nikampa.

Jumamosi nilibeba maiti zote hizo kwenye kikapu hadi kiwandani. Nilipofika kwenye habari ya Arap Soi, Baba Akinyi alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaniongoza kwenye ghala la kuandalia masanduku ya chai, mahali ambapo hewa yenyewe ni majani, na kwenye kona akatoa mkebe wa vipande vya plastiki ya kijivu, kila kimoja kikubwa kama ngumi ya mtoto. Vilitoka kwenye vigari vya umeme vya kuinulia mizigo, vilivyochakaa na kutupwa, na meneja alikuwa amemruhusu kuvichukua. Alinipa viwili. "Kipi ni cha kiume?" akauliza. Niligeuza, nikageuza. Vilikuwa sawasawa kabisa, kama mapacha. "Hakuna," akasema. "Kila kimoja kinatoa na kila kimoja kinapokea. Bonyeza." Nikabonyeza, vikashikana kwa mlio mzito. Nikageuza kimoja juu chini ili vishikane kinyume, vikakataa. Nikatumia goti. Vikakataa.

"Baba Akinyi, hakuna bwana wala bibi?"

"Hakuna."

"Basi hii iko mbele ya nchi."

"Hii hapa imetoka kwa takataka," akasema. "Nchi ijisukume yenyewe."

Alinionyesha namna ya kuingiza waya. Waya wetu ulikuwa mwembamba kwa tundu lile, kwa hivyo unaukunja mara mbili ujae, unaubana kwa nyundo na tindo butu, halafu unauning'iniza na mtungi wa maji wa lita ishirini. Ukichomoka, rudia. "Uvute wewe mwenyewe leo," alisema, "au utavutwa na barabara kesho." Akaniambia ninunue waya mwekundu na mweusi, niachane kabisa na ule mweupe. Nilikuwa tayari nimesimama, kikapu mkononi, ninajiona nimeshinda, aliposema, "Lakini kuna jambo. Hizi hazikubali kinyume, ila hazijui wewe umeamua nini mwanzo. Wewe ukiweka nyekundu kushoto, mwingine kwake aweke nyekundu kulia, vitashikana vizuri kabisa na redio itaungua vizuri kabisa. Mtahitaji sita, na zote zitengenezwe na mkono mmoja." Akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. "Mimi mkono ninaouamini ni wa Akinyi. Na nyinyi mmesema Akinyi asiguse waya. Kwa hivyo sijui."

Alhamisi, chama kilipokutana, nilisimama mbele ya meza na lile gunia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Mabibi na mabwana, mjinga wa kwanza kujaribiwa katika chama hiki hakuhitaji gunia. Alifunga betri kinyume macho yakiwa wazi, na jina lake linaanza na Che na kuishia na langat." Walicheka, kama nilivyopanga. Kibet alipiga makofi. Nikageuka mlangoni nikitegemea kuona Akinyi akitabasamu. Hakuwa anatabasamu. Aliweka kalamu juu ya daftari. "Umesema wakicheka," akasema. "Sema tena."

Nani aliwahi kuwaambia watu wa kuchekesha la kufanya pasipo na mzaha? Niliweka gunia chini. Nje kulikuwa na mvua nyepesi juu ya chai na mtu akipasua kuni jikoni. Nikasema, "Waya wa Akinyi ulikuwa sawa. Kwao hufunga fundo kwenye hasi, kwetu tunafunga kwenye chanya. Sikumuuliza. Ni mimi niliyefunga kwa betri, redio ikaungua, nikasema lile neno ndio mumcheke yeye msinitazame mimi." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine mdogo. Hakuna aliyecheka. Kibet alianza kuangalia viatu vyake. Mwalimu Rotich alikohoa. "Na mimi nilicheka," akasema. "Nilijua kuna swali halijajibiwa, nikacheka. Akinyi, pole." Akinyi akainuka. Kisha akaja, akaniwekea daftari mikononi. "Basi andika majina," akasema, akavuta kiti mezani. Usidhani tulirudiana siku hiyo. Wiki nzima aliongea nami kuhusu waya tu: leta nyundo, shika hapa, huo umelegea. Mimi nilileta, nikashika. Alitengeneza vipande sita, vyote nyekundu kulia, na kila kimoja kilibeba mtungi. Siku ya tatu alisema huo mtungi umelala na maji nusu, ni nani mvivu, na nikajua huyo alikuwa ananitania.

Siku ya mbio Baba Akinyi alikuja mwenyewe na ile redio yake aliyosema haiendi kilimani, amevaa tai. Waliifunga kwenye trela ya trekta na betri yake, na Akinyi akapanda naye hadi kilimani. Mimi nilibaki shuleni na Mwalimu Rotich, kwenye meza chini ya hema, na betri ya akiba pembeni yenye kipande chake cha kijivu. Saa nne asubuhi wavulana walianza, wakarudi wote salama, na sauti ya Akinyi ikashuka kila baada ya dakika chache, safi kama yuko nyuma ya pazia, akisoma namba za wapitao. Mkuu alianza kusimama karibu nasi bila sababu. Halafu wasichana wakatoka, na baada ya robo saa Akinyi akasema, "Shule, hapa kilima. Kuna msichana yuko chini, kwa mtaro, ni mguu. Leteni gari kwa barabara ya juu. Si ya chini, barabara ya..." Sauti ikafifia kama mtu anayezama, ikakatika.

Mkuu aliniangalia mimi, si Mwalimu. "Ni hicho kitu chenu kimechomoka," akasema. Nilishika kiunganishi chetu. Kilikuwa baridi, kimeshika. Sikuwa na njia ya kujua cha kilimani kikoje. Lakini nilikuwa nimevuta kila waya mwenyewe, na nilimjua aliyevitengeneza. "Hapana, Mkuu," nikasema. "Kingechomoka sauti ingekatika mara moja. Imefifia. Ni betri yao imechoka." Hakuna mzaha wowote uliokuja, na sikuutafuta. Mkuu akamwita dereva. Nilipanda nyuma ya gari na muuguzi, nimekumbatia betri ya akiba kama mtoto, tukaenda barabara ya juu, maana hilo Akinyi alikuwa amelisema kabla ya sauti kukatika.

Tuliwakuta pale trela ilipo. Baba Akinyi alikuwa amevua tai yake, amemfungia nayo msichana yule mguu kwenye vipande viwili vya mti. Akinyi alikuwa amekaa ukingoni mwa trela, kichwa cha msichana kiko mapajani mwake. Msichana mwenyewe alikuwa anauliza, "Wangapi wamenipita? Niambieni ukweli, ni wangapi?" na Akinyi anamwambia, "Wachache tu, tulia." Muuguzi akainama, akasema atafika hospitali ya Kapkatet salama, ni mfupa, si zaidi. Nikaweka betri chini nyuma ya Akinyi. Yeye hakugeuka, kwa sababu msichana alikuwa amemshika mkono mmoja. Mkono wa pili aliuleta nyuma, na ndani yake ile nusu yake ya kijivu, akaushikilia hewani pale akingoja. Mimi nilikuwa ninamtazama msichana, kuona kama analia. Nikachukua nusu yangu, nikaipeleka mahali ambapo mkono wake ulikuwa, hakuna kati yetu aliyetazama, zikashikana. Taa ya redio ikawaka. Akinyi akabonyeza maikrofoni na kuwaambia kule chini kwamba gari limefika.